Mpira Kwanza kwa Mkubwa

Nimeacha kucheza mwaka huu baada ya Ramadhani, na kwa kuwa goti la kushoto ndilo lililoamua, hapakuwa na sherehe. Nina miaka thelathini na mitatu. Najua mtu wa umri huu kujiita mstaafu ni kichekesho. Mama yangu alicheka mpaka akakohoa. Lakini mpira wa kikapu una kalenda yake, na kwenye kalenda hiyo mimi ni babu.

Fundi Ahamada, ambaye ameifundisha timu ya mtaa wetu tangu mimi mtoto mpaka leo, ndiye aliyenitaka niwaandikie nyinyi mnaobaki. "Usiwahesabie vikombe," aliniambia. "Vikombe wataviona kabatini, vimeshika kutu. Waambie kazi ilivyokuwa." Nami nimeiita kazi, ingawa kikapu hakikunilisha hata siku moja. Mchana nilikuwa nabeba vanila ghalani, na mpaka leo nikitoka jasho nanukia keki. Naandika Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, na madarasa yangu yote, nayo si mengi, niliyasoma huko kabla baba hajaturudisha kwao Moroni. Kuandika kwingine sikujui. Fundi atawasomea na kuwafasiria. Mkisikia mahubiri katikati, jueni hayo ameyaongeza yeye.

Siku yangu ya kwanza uwanjani sikuja kucheza, nilifuata kelele. Uwanja wetu wakati ule haukuwa na saruji. Ulikuwa udongo uliopigwapigwa juu ya mawe meusi ya mlima wa moto, na kila jioni tuliufagia kwanza, maana mpira ukiangukia jiwe lile hupasuka kama papai. Pete moja ilikuwa ya pipa. Ya pili aliifua mhunzi wa Ikoni akabania chuma, ikatoka nyembamba. Mkiona watu wa umri wangu wanalenga vizuri, msidhani ni kipaji. Tulijifunzia kwenye pete ya mtu bakhili.

Niliomba mpira kwa Kiswahili changu cha Unguja, wenzangu wakaanguka kwa kicheko.

"Msikieni! Anazungumza kama redio!"

Fundi, aliyekuwa kijana bado, amerudi kutoka ng'ambo, mji wa Majunga, alikoujulia mchezo huu, aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni. Miguuni akakaa zaidi.

"Wewe mrefu, una viatu?"

"Sina, fundi."

"Vizuri. Utajifunza kutua polepole."

Nilijifunza. Ukiruka peku juu ya kokoto, mwili wenyewe hukufundisha kushuka kama paka, na naamini hiyo ndiyo iliyoniongezea miaka. Halafu alichukua mkaa akachora alama ubaoni, juu kidogo ya pete, upande wa kushoto. "Gonga hapo. Pete usiiangalie, haiendi popote." Nimegonga alama ile maisha yangu yote. Mkaa ulifutika mvua ya kwanza, lakini mimi naiona mpaka sasa.

Jambo la pili nililojifunza hakunifundisha mtu, nililikuta. Mnalijua, maana mmezaliwa nalo, lakini mimi nilikuwa mgeni na lilinishangaza. Kwetu Ngazidja kila mwanamume ana rika lake, na kila rika lina mahali pake, iwe msikitini, iwe barazani, iwe kwenye sinia la wali. Uwanjani ilikuwa vile vile. Wa rika la juu walikaa kwanza kwenye benchi na kunywa maji kwanza. Na mpira, ukiuokota wewe mdogo, kabla hujafikiri lolote unainua macho kumtafuta mkubwa. Ukimpa mwenzako wakati mkubwa amesimama, si kwamba utapigwa. Watu watakuuliza tu mama yako anaitwa nani.

Sikuona ubaya. Niliipenda hata sheria hiyo. Nilikuwa nikifagia uwanja huku naota, fagio mkononi, nimefumba macho, siku ambayo mipira yote itanitafuta mimi, na redio inataja jina langu, na wasichana wamejaa juu ya mapaa ya mtaa. Fundi alikuwa akinirushia kokoto ili niamke.

Basi siku hiyo ilifika. Ilifika katika miaka ambayo wengine wanaikumbuka kwa mambo mazito zaidi. Mwaka 1978 wazungu wa kukodiwa walishuka pwani ya Itsandra na bunduki zao, utawala wa vijana ukaanguka, na ndoa kubwa ambazo utawala ule ulizikataza zikarudi na ngoma zake. Juu ya wazungu wale sitaandika mengi. Bado wapo, na Fundi ana watoto. Nitasema tu kwamba katika miaka hiyo watu walipenda kuja uwanjani, kwa kuwa uwanjani mtu aliweza kupiga kelele bila kuulizwa anampigia nani. Nami nilikuwa namba moja. Mengine ya wakati huo waulizeni wazee barazani, watawatilia chumvi kuliko mimi.

Nije kwenye kazi ngumu.

Uzee wa uwanjani hauji na mvi. Unakuja kama nusu hatua. Mpira ambao ulikuwa unaufikia unakupita kidoleni, na wewe unaulaumu upepo. Mwaka mzima nililaumu upepo. Kisha nikalaumu viatu, kwa kuwa sasa nilikuwa navyo.

Wakati huo timu ilikuwa imeshapata vijana, na wawili nitawataja kwa kuwa bila wao hakuna la kusimulia. Badru mnamjua: mrefu kunizidi, mwepesi, fundi umeme, mpwa wa yule mzee aliyeko Marseille. Hamadi naye mfupi, mkimya, mwenye mkono wa kushoto ambao walinzi huusahau. Badru alikuwa bora kuliko mimi nilivyokuwa siku yangu bora. Naandika hivyo pole pole ili kalamu izoee.

Lakini Badru alikuwa wa rika la chini yangu. Akipata mpira chini ya pete, peke yake, hakuna wa kumzuia, alikuwa anageuka! Anageuka kunitafuta, na mimi niko nyuma huko nahema kama punda wa Hambu. Ananipa. Mimi nafika, walinzi nao wamefika. Tulifungwa Itsandra kwa namna hiyo, na watu wa Itsandra, ambao adabu yao huisha mpira unapoanza, walikuwa wanaimba kila Badru akigeuka: "Mpelekee babu! Mpelekee babu!"

Tuliporudi, Fundi alinishika bega kando ya gari.

"Mbaraka, mechi ijayo utakaa karibu yangu."

"Mpaka lini, fundi?"

"Mpaka nitakapokuita."

"Utaniita?"

"Nitakuita mwishoni. Dakika chache. Watu watafurahi kukuona."

Nilitabasamu, kwa sababu nilidhani ni mambo ya wiki mbili. Nilipofika kwa mke wangu nilimwambia goti linapumzishwa. Zainaba alinikandia mafuta ya nazi kwenye goti, lile zima.

Mtu aliyezoea kukimbia hawezi kukaa tu. Mechi iliyofuata tulicheza na Ikoni, jua kali la alasiri, na mapumziko yalipoingia nikachukua ndoo na kikombe, nikaanza kuwapelekea vijana maji. Nilidhani nasaidia.

Hakuna aliyenywa.

Walisimama mbele yangu, jasho linachuruzika, midomo imewakauka, na kila niliyemnyooshea kikombe alirudi nyuma hatua moja. Nilimwambia Hamadi anywe.

"Siwezi, kaka."

"Una kiu?"

"Nakufa."

"Basi kunywa."

"Siwezi, kaka. Mama yangu yuko pale, anatazama."

Kweli alikuwa pale, ukutani, na buibui lake, na jicho lake lilikuwa kwenye kikombe. Mtu wa rika la juu kumnywesha wa chini, mbele za watu! Nikaweka ndoo chini niondoke ili wachote wenyewe. Wakaona kuniacha nibebe ndoo ni aibu, na kuchota maji niliyoyabeba mimi ni aibu nyingine. Wakarudi uwanjani na kiu yao. Wa Ikoni walikunywa, wakajimwagia na mengine kichwani, wakatufunga.

Na zile dakika chache nilizoitwa, mipira yote ilikuja kwangu. Yote. Waliniona nimekaa benchi, wakanionea huruma, heshima ikazidi maradufu.

Fundi alichora chaki mpaka ikaisha. Aliwafokea, aliwabembeleza. Mwisho akaniambia niseme nao mwenyewe. Nikawaita, nikawaambia: "Msinipe mpira. Mpeni mwenye nafasi." Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, kaka," kwa adabu ile ile inayowafanya wanipe. Jioni yake walinipa kama kawaida, ila sasa walikuwa wananipa kwa upole zaidi, kama mtu anayempa mgonjwa uji.

Kulikuwa na mechi ya Mutsamudu mbele yetu, miezi michache tu. Mnajua ilivyo: timu inayokwenda kisiwa cha Nzwani ikafungwa, mtaa hauisahau. Fundi aliona tukienda vile tutafungwa. Mimi niliona hivyo pia. Lakini katika kuona kwangu nilikuwa nimejiwekea pembeni ndoto ndogo, kwamba labda huko Mutsamudu mguu utarudi.

Wakati nimo katika hali hiyo, gari la kambi ya jeshi lilisimama karibu na uwanja. Akashuka mzungu mmoja wa wale wa kukodiwa, na askari wetu wa kumfasiria. Alikuwa ameniona zamani nikicheza, na kambi yao ilikuwa na timu. Akasema, na askari akafasiri huku anatazama viatu vyake mwenyewe:

"Anasema hapa wanakuweka benchi. Anasema kwake utakuwa namba moja. Mipira yote utapewa wewe."

Nikauliza, "Hao wengine watakubali?"

Askari hakumfasiria. Alinijibu mwenyewe, chini chini: "Ndugu yangu, sisi hatuulizwi."

Nilikwenda. Niliambiwa nijaribu siku moja, nikaenda siku moja. Uwanja wao ulikuwa na saruji, pete mbili mpya, nyavu nyeupe. Mzungu akapuliza filimbi, na askari wakaanza kunipa mpira. Nikiwa mbali wananipa. Nikiwa nimegeuka wananipa. Wale waliopangwa kunizuia walikuwa wananifikia, wananyanyua mikono, halafu wanachelewa kidogo. Nilifunga na kufunga. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyetukana, hakuna aliyecheka. Unasikia viatu tu, na wavu. Mzungu alikuwa anafurahi peke yake kwenye kiti.

Nyumbani Zainaba aliniwekea chakula.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Mbona umekaa kama mtu aliyetoka mazikoni?"

Nikamsimulia. Alisikiliza huku anapepeta mchele, kisha ungo ukasimama.

"Hao wanakupa kwa kuogopa."

"Ndiyo."

"Na watoto wetu wanakupa kwa heshima."

"Ndiyo."

"Mpira ukishafika mkononi, wewe unajua huu ni upi na huu ni upi?"

Nilitaka kumjibu kwamba najua. Nilikula. Kambini sikurudi, nilituma neno kwamba goti limevimba, na kwa mara ya kwanza goti langu lilinifaa.

Sasa ndoa. Mjomba wake Badru aliyeko Marseille alikuwa mgonjwa, akataka kuiona ndoa kubwa ya mpwa wake kabla hajafa. Si kawaida kijana wa umri ule kuifanya. Wengi wanaifanya wana mvi, na wengi, kama mimi, hawaifanyi kabisa. Lakini mjomba alitaka, na upande wa bibi arusi walikubali, na katika wiki moja ya ngoma na ng'ombe na mapishi Badru akaulisha mji. Na kwetu mwanamume hatimizwi na umri wala watoto. Anatimizwa na ndoa hiyo. Kabla yake ni mtoto wa mji, hata akiwa na wajukuu. Baada yake ni mtu mzima. Akisema watu hunyamaza, hupewa mahali pa mbele, na begani huweka shali ya mharuma ambayo mtu mwingine hathubutu kuivaa.

Siku ya kumpeleka Badru kwa mkewe alipita katikati ya mtaa amevaa joho la nyuzi za dhahabu, mwavuli juu yake, wanawake wakimmwagia vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma na watoto wenzangu. Nilikuwa nabeba masinia. Niliyabeba kwa furaha, msinielewe vibaya, nilikuwa nampenda Badru na bado nampenda. Ila sinia lilikuwa zito kuliko sinia.

Wazee wengine hawakutaka tena acheze, walisema mtu mzima hakimbii na kaptura. Fundi aliwaomba wamwache mpaka Mutsamudu tu, wakamwachia kwa manung'uniko.

Ijumaa iliyofuata tukakutana mazoezini. Nilikuwa nimekaa pangu, mwanzo wa benchi, karibu na Fundi. Vijana walikuwa wamesimama wakingoja mtu wa kukaa baada yangu. Akaja Badru na kaptura yake, na shali ya mharuma begani, kwa kuwa mama mkwe alimkataza kutoka bila hiyo. Akafika, akaivua, akawa hajui aiweke wapi. Halafu akasimama tu mbele ya benchi. Na vijana wote wakaona, na mimi nikaona, na kila mmoja akaanza kuangalia pengine.

Kwa desturi nilipaswa kuinuka nimpishe. Ingekuwa msikitini ningeinuka bila kufikiri. Lakini uwanjani jambo hilo halijawahi kutokea, na ningetaka ningeweza kusema kwamba uwanja una sheria yake. Hakuna ambaye angenipinga. Vijana wangepumua, wangekaa, wangeendelea kunipa mpira mpaka wote tuzeeke. Na nikiinuka, basi nimeinuka. Hakuna kurudi kukaa. Nilimtazama Fundi anisaidie. Alikunja miguu, akatazama bahari kana kwamba anaiona mara ya kwanza.

Nikainuka.

"Kaa, Badru."

"Hapana, kaka. Wallahi hapana."

"Umeulisha mji. Masinia yako nimeyabeba mimi. Kaa."

"Nitakaa chini."

"Ukikaa chini wewe, sisi tukakae wapi? Baharini?"

Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Badru akakaa, kwenye ukingo, kama aliyekalia jiwe la moto. Nikaichukua shali mikononi mwake nikaikunja nikaiweka mahali pasafi. Kisha nikachota maji kikombe kimoja, nikampa kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mtu mzima.

Alikipokea. Akanywa yote. Hapo Hamadi akanyoosha mkono. "Na mimi, Mbaraka." Hakusema kaka. Nadhani lilimponyoka. Nikamchotea. Wakanywa wote, mmoja baada ya mwingine, na siku ile sisi hatukucheza na mtu yeyote, lakini walikunywa kama waliotoka jangwani.

Kesho yake ghalani nililia nyuma ya magunia. Mwenzangu aliponiuliza nikamwambia ni vanila, inachoma macho. Anafanya kazi ya vanila miaka mingi kunishinda. Akasema, "Ndiyo, inachoma."

Mambo hayakubadilika siku moja. Badru alikuwa bado anageuka, lakini vijana waliacha kunitafuta mimi, wakamtafuta yeye. Hapo Fundi akamgeukia Badru: "Wewe ndiye mkubwa wao sasa. Amuru." Na Badru, kwa sauti ndogo ya mtu anayejaribu joho la mwenzake, akaamuru: mpira kwa mwenye nafasi. Waliyoyakataa kwa Fundi na chaki yake, na kwangu na ombi langu, waliyatii kwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne. Nikawa nabeba ndoo, nafagia, nawashonea mpira. Niligundua kwamba kushona mpira nilikuwa nimesahau. Uzi upakwe nta, tundu lipigwe kwa msumari wa moto, na fundo liingie ndani. Likibaki nje, mpira unadunda kwa kuchechemea.

Tulikwenda Mutsamudu kwa boti la mizigo, tukashuka asubuhi wote tumetapika ila Fundi. Tukapita katika vichochoro vya mji wa kale, mmoja nyuma ya mwingine maana wawili hawapishani, mimi nyuma na ndoo na mfuko wa mipira. Wanawake walichungulia milangoni. Kinzwani si Kingazidja, lakini matusi mtu huyaelewa.

"Wangazidja wamekuja na babu yao!"

"Babu gani, huyo si mpagazi?"

Nikawaamkia kwa adabu, wakacheka, wakanijazia ndoo.

Uwanja wao uko chini, upande wa bandari, na makuli walikuwa wamejaa kila penye kukalika. Mustwafa, kuli mwenyewe, ambaye amenizuia mimi kila mechi ya huko tangu tuna ndevu za kuhesabu, aliniona na ndoo akashika kiuno.

"Mbaraka! Umekuwa mchota maji?"

"Nimepandishwa cheo."

"Basi leo nitapumzika."

"Pumzika, mzee mwenzangu."

Mechi sitawasimulia yote. Ilikwenda bega kwa bega, joto la kuivisha ndizi, na vijana walikunywa kila filimbi ilipolia. Karibu na mwisho mmoja wetu akatolewa kwa faulo, na benchi lilikuwa limebaki na mimi na mwingine aliyeteguka mguu. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Fundi akanitazama.

"Mguu?"

"Upo."

"Nenda kwenye alama yako ukasimame. Usikimbie."

Nilipoingia makuli wakapiga kelele, na sikusikia kama ni za kuzomea au za kukaribisha. Nikaenda upande wa kushoto, pale ambapo nikiinua macho naona mkaa wa Fundi ubaoni, hata kama ubao si wetu. Badru alikuwa na mpira katikati. Nikanyanyua mikono. Siwadanganyi, niliutaka. Niliutaka kuliko nilivyowahi kuutaka, na mguu ulikuwa umerudi, niliusikia, na nafasi nilikuwa nayo.

Mustwafa naye aliniona. "Kwa mzee!" akapiga yowe. "Wanampa mzee, siku zote wanampa mzee!" Akanirukia, na mwenzake akamwacha aliyekuwa akimlinda akaja naye, wakaniganda wawili, kifua na mgongo.

Badru alinitazama machoni. Mtu mzima, begani hakuna shali lakini niliiona. Mpira ukatoka mkononi kwake, ukapita mbele ya kifua changu, karibu hivi, nilisikia upepo wake, ukaenda kwa Hamadi aliyekuwa peke yake upande wa pili. Mkono wa kushoto. Wavu. Filimbi.

Wote walimkimbilia Hamadi. Wakamwinua. Mimi nilikuwa bado nimesimama, na mkono wa Mustwafa ulikuwa bado mgongoni kwangu.

"Hawakukupa," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

"Hawakunipa."

Halafu akanipigapiga mgongoni, pole pole, akaenda kwa wenzake.

Basi, nyinyi mnaobaki, la kazi nililo nalo ni hili. Siku mpira utakapokupita, na utakupita, usishushe mikono upesi. Kwa sababu ya mikono yako wawili wamekuja kwako na mwenzako yuko peke yake. Mimi niliiacha juu mpaka filimbi ikalia, na hata ilipokwisha kulia niliiacha kidogo.